Injini ya Ukubwa Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaonunua Gari la Spoti la Zamani Unguja na Pemba

Maswali haya yanarudi kila mara kwa watu wanaotaka Celica, Levin au Soarer (za Toyota), Silvia au Skyline (za Nissan) ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wailete Zanzibar na kuitengeneza watakavyo. Karibu yote yanazunguka jambo moja: nichukue injini ndogo au kubwa? Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji ajue anaelekezwa wapi. Chagua injini ambayo spea zake na fundi wake wapo hapa visiwani, na uinunue ikiwa ndani ya gari lililotoka nayo kiwandani. Sababu zimo kwenye majibu.

## Misingi

1. Hizo "cc" zinanieleza nini hasa?

Zinakueleza ujazo wa nafasi ambayo pistoni zote kwa pamoja zinaipita zinapopanda mara moja. Injini ya cc 1998, iwe ya silinda nne au sita, ina nafasi ya karibu lita mbili. Nafasi ikiwa kubwa, hewa inayoingia kila mzunguko ni nyingi, na palipo na hewa nyingi petroli nyingi huweza kuungua. Ndiyo maana injini kubwa huvuta mapema na dereva halazimiki kuikamua.

Ila cc hazikuelezi hewa hiyo inaingizwa kwa njia gani, injini inaweza kuzunguka kasi kiasi gani kabla ya kukata pumzi, wala kama ina tabo, yaani kifaa kinachosukumia hewa ndani ya injini kwa nguvu ya moshi wa ekzosi. Mambo hayo yana uzito sawa na cc zenyewe, wakati mwingine kuzidi.

2. Kwa nini injini za Kijapani huishia 1498, 1998 au 2498?

Ni kodi ya kwao. Kodi ya gari ya kila mwaka Japani hupanda kwa ngazi za cc 500, kwa hivyo kiwanda husimama nukta chache kabla ya ngazi. Usiumize kichwa kwa tofauti ya cc chache baina ya gari na gari.

3. Kwa hivyo cc nyingi ndiyo nguvu nyingi?

Mara nyingi ndiyo, lakini si kanuni. Itazame Celica iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006. Bodi ni moja, injini mbili. Ya 1ZZ-FE ina cc 1794 na kwa soko la Japani iliandikwa nguvu za farasi 145. Ya 2ZZ-GE ina cc 1795 na iliandikwa farasi 190. Tofauti ya cc moja, farasi 45! Siri ni kwamba 2ZZ ina pistoni pana zaidi zenye mwendo mfupi (milimita 82 kwa 85, dhidi ya 79 kwa 91.5), mgandamizo wa hewa ndani ya silinda wa mara 11.5 badala ya 10, na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) yenye umbo la pili linaloingia kazini injini ikizidi mizunguko 6000 kwa dakika.

Upande wa pili, utaona Soarer ya cc 2500 yenye tabo, Supra ya 3000 yenye tabo na Skyline GT-R zote zimeandikwa farasi 280. Hazilingani kweli. Hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya 280, kwa hivyo karatasi zinafanana hata pale injini zinapoachana mbali.

4. Mwuzaji ananitumia picha tu. Nitajuaje gari lina injini gani?

Mwombe picha ya kibati cha chesisi kilichomo chini ya boneti. Kwa Toyota, herufi za mwanzo hutaja ukoo wa injini. ZZT230 ni Celica ya 1ZZ, ZZT231 ni ya 2ZZ. JZZ30 ni Soarer ya 1JZ-GTE, JZZ31 ni ya 2JZ-GE, na zinazoanza na UZZ ni za V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Kwa Nissan, HR34 ni Skyline ya cc 2000 na ER34 ni ya cc 2500.

Celica ya kabla yake, ST202, inataka jicho la pili, maana namba hiyo hiyo ilibeba 3S-FE ya kawaida na 3S-GE yenye nguvu zaidi. Hapo omba picha ya injini yenyewe. Kibati kikisema hivi na injini ikawa nyingine, nenda swali la 19.

## Hali ya visiwani

5. Barabara zetu zinahitaji nguvu kiasi gani?

Unguja ni kisiwa tambarare, na kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini hakifiki kilomita 90. Mjini utakuwa kwenye foleni ya Darajani au Mwanakwerekwe. Ukitoka kwenda Paje utapita Jozani, ambako matuta yamewekwa barabarani ili kima punju wasigongwe, na ni wajibu wetu kuyaheshimu, kwa kuwa wanyama wale hawapatikani popote duniani isipokuwa hapa Zanzibar. Farasi 280 hazina pa kunyooshea miguu kihalali katika barabara hizi. Injini inayovuta vizuri kutoka mizunguko 2000 itakupa raha kila siku. Ile inayoamka mizunguko 6000 utaisikia mara chache.

Kuna jambo jengine ambalo wengi hawalitii maanani. Sisi tuko usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1700 juu, na huko injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 15 hadi 20 ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Ndugu zetu wa Kenya wanapohimiza tabo, wana sababu yao. Huku injini ya kawaida inapata hewa yake kamili, hata kama joto letu huipunguza kidogo.

6. Petroli je? Injini kubwa haitanifilisi?

Inategemea unaiendesha wapi kuliko unavyofikiri. Injini ya silinda sita yenye cc 2500 inakunywa hata ikiwa imesimama, na mjini tunasimama sana. Bei hutangazwa na ZURA, wadhibiti wa maji na nishati Zanzibar, kila mwezi, kwa hivyo hesabu si ngumu: jaza tenki pomoni, andika kilomita, tembea wiki yako ya kawaida, jaza tena. Kama gari bado halijanunuliwa, mwombe anayemiliki gari la injini hiyo hiyo afanye hesabu hii. Takwimu za kiwanda zilipimwa katika mazingira mengine.

Suala zito zaidi ni oktani, yaani uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kuwaka mapema. Japani kuna petroli za aina mbili, na viwango vyao vinataka ya kawaida isipungue oktani 89 na ya juu isipungue 96. Injini za tabo na zile zenye mgandamizo mkubwa (1JZ-GTE, SR20DET ya Silvia, 2ZZ-GE, 4A-GE ya valvu 20) zilitengenezewa ile ya juu. 1ZZ-FE, 3S-FE na 5A-FE zilitengenezewa ya kawaida. Ukiilisha injini kali petroli dhaifu, itaanza kugonga, yaani petroli kuwaka yenyewe kabla ya wakati. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) itarudisha nyuma muda wa kuwasha ili kuiokoa, na zile farasi ulizozilipia hazitaonekana. Ukiwa umeshaongeza msukumo wa tabo, kugonga huko huvunja pistoni. Uliza kituo chako wanauza oktani gani kabla ya kuchagua injini, si baada.

7. Ushuru unabadilika kwa cc?

Ndiyo. Jedwali la ushuru wa bidhaa la Tanzania huyagawa magari ya abiria kwa cc: yasiyozidi 1000, yanayozidi 1000 hadi 2000, na yanayozidi 2000. Kwa magari ya spoti mstari unaouma ni wa 2000. Silvia ya cc 1998 iko chini yake, tabo au bila tabo. Soarer ya cc 2491 iko juu.

Umri wa gari nao una tozo na masharti yake, na haya hubadilika na bajeti. Kwa magari yenye miaka zaidi ya 20 kipengele hiki kinaweza kupita tofauti yote ya cc. Mwone wakala wa forodha wa Malindi akufanyie hesabu ya maandishi kwa chesisi maalumu unayoitaka kabla hujatuma hata senti Japani.

8. Spea za injini gani zinapatikana hapa?

Ningelikuwa na nafasi ya kujibu swali moja tu, ningelijibu hili.

Zunguka mtaani uhesabu magari ya familia. Hiyo ndiyo ghala yako. 1ZZ-FE imo ndani ya Allion, Premio, Wish na baadhi ya RAV4, maana yake pampu ya maji, sensa, koili, gasketi na hata injini nzima iliyotumika ni vitu vya siku moja. 3S-FE imo ndani ya RAV4 za mwanzo, Ipsum, Caldina na Noah za zamani. 5A-FE na 4A-FE zimo katika Corolla na Carina ambazo kila fundi wa Zanzibar amezifungua tangu anajifunza kazi. 1JZ na 2JZ zisizo na tabo zimo ndani ya Mark II na Crown.

Sasa njoo upande wa pili. 2ZZ-GE iliingia katika magari machache, kama Runx na Fielder za daraja la juu. 4A-GE ya valvu 20 ni ya Levin na Trueno zenyewe na ndugu zake wachache. RB25DET ya Skyline na SR20DET utazitafuta Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani, na mara nyingi utaishia kuagiza Japani au Dubai. Gasketi ya silinda hedi iliyoagizwa nje ni gari kukaa juu ya mawe wiki kadhaa, na gari likikaa juu ya mawe katika hewa yetu ya chumvi, kutu hailali.

Tahadhari: ukoo mmoja haumaanishi kila kitu kinaingiliana. 3S-FE na 3S-GE zina bloku za ukoo mmoja lakini silinda hedi ni tofauti kabisa. Nenda dukani na kifaa chako mkononi.

Kuna pia suala la bloku. JZ, RB, 3S na 4A ni za chuma cha kalibu. Zikichakaa, silinda huchongwa na kuwekewa pistoni za saizi ya juu. 2ZZ ni ya alumini yenye kuta za silinda za mchanganyiko maalumu ambao hauchongwi kwa njia ya kawaida. Ikikwaruzika vibaya, unatafuta injini nyingine.

9. Mimi niko Pemba. Jibu ni hilo hilo?

Ni hilo hilo, kwa mkazo maradufu. Kifaa kinachopatikana mjini Unguja leo, kwako kinapanda meli. Mafundi wa Chake na Wete ni hodari kwa injini za kawaida za Toyota, na ningebaki humo. Tofauti ni barabara: Pemba ina vilima na kona, hasa ukitoka Mkoani kwenda Chake, na gari jepesi lenye injini inayovuta chini linafurahisha huko kuliko Unguja. 3S-FE katika Celica ya ST202 ni chaguo zuri sana kwa Mpemba.

10. Ni kweli injini kubwa huchemsha zaidi kwa joto letu?

Injini kubwa nzima haichemshi. Inayochemsha ni yenye rejeta iliyoziba, feni iliyokufa, thamostati iliyotolewa na fundi ili "ipate hewa", au maji ya kisima. Hilo la mwisho ni letu hasa: visima vingi karibu na pwani vina chumvi, na chumvi hula silinda hedi ya alumini na pampu ya maji kutoka ndani. Weka kulanti iliyochanganywa na maji safi yaliyotolewa madini. Ni matumizi madogo kuliko yote utakayofanya kwenye gari hili.

Ila tabo huongeza joto kweli, na chini ya boneti ya gari la zamani mipira na waya zimeshakauka. Ukichagua tabo, badilisha hosi zote za maji na za hewa mwanzoni.

## Hii au ile?

11. Celica ya 1ZZ au ya 2ZZ?

Swali maarufu kuliko yote. Kwa matumizi ya kila siku na kutengeneza kidogo kidogo: 1ZZ, kwa sharti moja. 1ZZ za mwanzo, hadi kama 2002, zinajulikana kwa kula oili, kwa kuwa matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na huziba masizi. Tafuta ya baada ya hapo, au iliyowekewa pistoni za toleo la baadaye. Ukiipata ya zamani yenye bei nzuri, pima oili kila wiki. Zinazokufa ni zile zilizoachwa zikauke.

Kwa anayetaka kuikimbiza na yuko tayari kuagiza vifaa: 2ZZ, pamoja na gia boksi yake ya mkono ya gia sita iliyopangwa ili injini ibaki kwenye mizunguko ya juu. Angalia mambo mawili. La kwanza, bolti za mfumo wa kuinua valvu, ambazo katika zile za mwanzo huchakaa na kukatika. Dalili yake ni injini kutobadilisha sauti wala nguvu ukipita mizunguko 6000. La pili, pampu ya oili, ambayo huvunjika dereva akikosea gia na kuizungusha injini kupita kiwango.

12. Levin ya 1500 au ya 1600?

Levin AE111 iliyokuja na 4A-GE ya valvu 20 ina farasi 165 kutoka cc 1587, na hakuna injini ya Toyota ya ukubwa huo inayonisisimua kama hiyo. Ni injini ya kupenda. Lakini Levin ya 1500, yenye 5A-FE na farasi 100, ndiyo inayodumu hapa bila malalamiko. Anayeanza achukue hiyo ya 1500, atie saspensheni na matairi mazuri, ajifunze kuendesha.

AE86, yaani Levin ya miaka ya 1980, sijaiweka hapa kwa makusudi. Bei yake imeshakuwa ya wakusanyaji.

13. Soarer: 2500 ya tabo, 3000, au 4000 ya V8?

Zote tatu zilikuwemo katika bodi moja, Z30, iliyotoka 1991 hadi 2000. Watu huona 2500 ni "ndogo" na 4000 ni "kubwa", kumbe ya 2500 yenye 1JZ-GTE ndiyo yenye farasi 280.

Chaguo langu ni ya 3000, 2JZ-GE, farasi 225, bila tabo. Inavuta tangu chini, bloku yake ni ya chuma, na spea za Crown na Mark II zinaihudumia. Ya 2500 ni nzuri ikiwa imetunzwa. Fahamu kwamba hadi 1996 ilikuwa na tabo mbili ndogo zenye magurudumu ya seramiki, ambayo huvunjika msukumo ukipandishwa. Baada ya hapo ikawa tabo moja kubwa. V8 ya cc 3968 (1UZ) ni injini imara inayozunguka kwa ulaini ajabu, lakini angalia chesisi: UZZ31 ina saspensheni ya hewa, na UZZ32 ina ya haidroliki inayoongozwa na kompyuta. Hiyo UZZ32 usiilete kisiwani.

14. Silvia au Skyline bila tabo ina faida yoyote? Rafiki zangu wananicheka.

Waache. Silvia ya S15 isiyo na tabo ina farasi 165, yenye tabo 250, na pengo la bei baina yao ni kubwa kuliko pengo hilo la nguvu. Sababu ni Marekani: sheria yao huruhusu gari la nje kuingia likifika miaka 25, kwa hivyo magari ya 1999 yalifunguliwa kwao 2024, na wanunuzi wao wanafuata yenye tabo kwanza. Yasiyo na tabo bado yanaweza kufikiwa na mtu wa kipato cha kawaida.

Unapata bodi ile ile, injini ya mbele na gurudumu la nyuma linalosukuma, na uzito pungufu. Kwa Skyline ya HR34, cc 2000 yenye farasi 155, nakubali gari ni zito kwa injini ile. Hapo ya 2500 isiyo na tabo ndiyo wastani mzuri.

15. Mazda RX-8 ina cc 1308 tu. Si ndiyo ya bei rahisi kuendesha?

Hapana. Injini yake ni ya rota, haina pistoni, na cc zake hazilinganishwi na nyingine. Kwa petroli ihesabu kama injini ya zaidi ya lita mbili. Inachoma oili kwa makusudi, ndivyo ilivyobuniwa. Ukiiwasha na kuizima kabla haijapata moto, petroli hulowesha plagi na inaweza kugoma kuwaka. Kupima kompresheni yake kunahitaji kifaa cha peke yake. Inunue ikiwa tu unamjua fundi wa rota kwa jina.

## Kuitengeneza

16. Ninunue yenye injini ndogo kwa bei poa, kisha nibadilishe injini baadaye?

Hapa ndipo pesa nyingi za vijana wetu zinapozama. Injini yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Kiwanda kilipoweka injini kubwa, kiliweka pia gia boksi ya kuibeba, difu, propela, breki, rejeta, mauntini, waya na kontroli boksi. Ukibadilisha injini peke yake, kila kimoja kati ya hivi kitakudai kwa zamu yake. Hata 1ZZ kwenda 2ZZ, ambazo zinakaa karibu mahali pamoja, hutaka waya, kontroli boksi na gia boksi.

Ikiwa unajua leo kwamba roho yako iko kwenye injini kubwa, subiri, weka akiba, nunua gari lililotoka nayo. Kubadilisha kuna maana pale tu injini ya mwanzo imekufa na una gari zima la kuchinja kama mtoaji, lenye kila kitu hadi plagi za waya.

17. Na kuweka tabo kwenye injini isiyo nayo?

Inawezekana, na sishauri kwa gari la kila siku. Injini isiyo na tabo ina mgandamizo mkubwa. Ukiisukumia hewa juu yake, na petroli yetu (swali la 6), unakaribisha kugonga. Ifanywe kwa msukumo mdogo, sindano kubwa za petroli, kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, na mtu wa kuirekebisha kontroli boksi kwa kompyuta. Mtu huyo akiwa hayupo, tabo isubiri.

18. Nimeshachagua injini. Nianze na nini?

Oili, filta, plagi, kulanti, mkanda wa taimingi kama injini yako inautumia (4A, 3S, JZ na RB zinautumia, ZZ na SR20 zina cheni). Kisha breki na matairi. Kisha shokapu na vipira vya saspensheni, ambavyo kwa gari la miaka 25 vimeshakufa hata kama fundi anasema bado. Chini ya gari pakwa dawa ya kutu kabla ya masika.

Ekzosi na filta ya hewa ya wazi viwe mwisho. Kwa 1ZZ au 5A vitabadilisha sauti kuliko nguvu, na watu wa mtaani wana haki ya kulala.

## Hali za pembeni

19. Nimepata gari ambalo injini imeshabadilishwa. Nilikimbie?

Si lazima, lakini nenda na maswali. Namba ya injini ilingane na iliyomo kwenye kadi ya gari. Kama hailingani, mwuzaji akarekebishe usajili kabla hujalipa, kwa jina lake, si wewe baadaye. Tazama waya: zikiwa zimeunganishwa kwa gundi ya plastiki na kuning'inia, ondoka. Lisikilize likiwa la baridi asubuhi, kisha litembeze hadi lipate moto kamili na usimame nalo kwenye foleni dakika 20 ukiangalia kipimo cha joto. Muulize kontroli boksi ni ya gari gani. Mwuzaji asiyejua jibu hilo hakuifanya kazi yeye, na huenda aliyeifanya hapatikani.

20. Gia otomatiki inabadilisha uchaguzi?

Inabadilisha. Injini za mizunguko ya juu kama 2ZZ na 4A-GE hupoteza utamu wake kwa otomatiki. 2JZ, 1UZ na 3S-FE zinakubaliana nayo vizuri.

21. Mwanangu ana miaka 19 na anataka ya tabo. Nimwambieje?

Mzazi wangu, usimkatalie gari, mchagulie injini. Levin ya 1500 au Celica ya 3S-FE ina sura anayoitaka na nguvu anayoweza kuimudu. Mpe na masharti ya matairi mapya na mikanda ya kiti. Gari jepesi la farasi 250 linalosukuma kwa nyuma, juu ya lami iliyoloa kwa mvua ya kwanza ya vuli, humshinda hata dereva wa miaka mingi. Tumeshazika vijana. Mwambie hivyo hivyo, bila kupunguza.

22. Injini ndogo nzima au kubwa inayotaka kazi kidogo, kwa bei moja?

Ndogo nzima. "Kazi kidogo" pima wewe mwenyewe: kompresheni ya kila silinda ziwe zinakaribiana, oili isiwe na rangi ya maziwa, moshi wa bluu usitoke ukiachia na kukanyaga tena, maji kwenye rejeta yasitoe mapovu injini ikiwa inaunguruma. Kwa gari linalotoka mnada wa Japani, soma karatasi ya mnada. Daraja la R au RA ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. Likipita vipimo vyote na bado mwuzaji anauza kwa bei ya injini ndogo, rudi nalo kwa fundi wako siku ya pili, likiwa limelala usiku mzima, na mpime tena kabla ya kukabidhiana fedha.